Matanga ya Baiskeli Yangu

Nawasalimu nyote mliofika kwenye mkutano huu wa wagonjwa wa macho, wa kanisani na wa msikitini, kila mmoja kwa salamu ya nyumba yake. Wakubwa zangu, shikamooni. Nilikuwa nimejipanga kuanza na mengine, lakini mama aliyesimama kabla yangu amemuuliza daktari kama macho yakishapotea yanarudi, na daktari, kwa huruma yake, akalizunguka swali kidogo. Mama, mimi sizunguki. Hayarudi. Kilichokwenda kimekwenda. Wewe kaa tu, nitakueleza nimefikaje mahali pa kulisema neno hilo bila kuanguka.

Mimi ni mkulima wa Lukozi. Kabichi, karoti, maharage. Lakini zamani ungeniuliza mimi ni nani, nisingekwambia mkulima. Ningekwambia mwendesha baiskeli, na si wa kubeba magunia, wa mbio. Lushoto mjini tulikuwa na kikundi chetu cha watu wa kawaida kabisa: seremala, mwalimu, wakulima, na dada mmoja mshonaji. Tukishavuna tunafanya mbio tunazoziita mizunguko. Hamwendi mbali. Mnauzunguka mji tu: mnatoka stendi, mnapita sokoni, mnapanda kuelekea kanisani, mnateremka kwenye kona kali ya wauza matunda, mnarudi stendi, halafu tena, na tena, wote mmebanana kundi moja. Ukiachwa nyuma mpaka kundi likakupita kwa mzunguko mzima, mwamuzi anakupungia kitambaa na wewe umetoka. Ukibaki mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho inagongwa, hapo wewe ni mtu. Nisiwadanganye, sikuwahi kushinda. Ila kengele kila mara niliisikia nikiwa ndani ya kundi, na hilo lilinitosha. Wiki nzima nalima nikiifikiria ile kona, jinsi nitakavyoingia bila kugusa breki.

Ugonjwa huu wetu, ndugu zangu, mnaujua. Hauumi wala haupigi hodi. Presha ya macho inaanza kula pembeni, huku mbele unaona vizuri tu, kwa hiyo hushtuki. Mimi nilianza kugonga watu. Siku moja mwenzangu alikuwa bega kwa bega na mimi upande wa kushoto, nikamwingilia, tukaenda chini wote wawili. Niliinuka namfokea, nikimuuliza ametokea wapi. Akasema alikuwa pale tangu stendi. Mbio zilizofuata nikamwangusha mwalimu, naye nikamuuliza swali lile lile. Watu wakaanza kunong'ona kwamba nakunywa. Mama yangu mzazi akasema nimerogwa. Mimi nikasema baiskeli ina kasoro, nikabadilisha usukani, nikabadilisha na breki. Macho sikuyafikiria hata siku moja.

Aliyegundua ni mke wangu. Alikuwa ameweka ndoo ya maji mlangoni, nikaipiga teke mara mbili asubuhi moja, na akaona wazi kwamba siioni. Alivaa, akanishika mkono, tukaenda hospitali. Daktari wa siku ile aliniambia mshipa wa macho umekufa sehemu kubwa, naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Akanipa matone ya kulinda kilichobaki. Kuhusu baiskeli alisema niache kabisa, nisije nikaua mtu au nikafa mwenyewe. Nami nikamuuliza swali lako, mama. Akanijibu kama nilivyokujibu.

Nilirudi nyumbani nikaipandisha baiskeli darini, jikoni, pale tunapoweka mahindi ya mbegu yakauke kwa moshi. Kuiuza sikutaka, maana ningemwona mwingine juu yake. Kuiona nayo sikutaka. Shambani nikaacha kwenda, mke wangu akawa analima peke yake. Kanisani nikaacha, kwa sababu watu wananyoosha mkono wa salamu mimi siuoni, wanadhani nimewanunia. Wakawa wanakuja nyumbani kunifariji. Huyu anasema utapona tu. Yule anasema kuna mtu wa mizizi kule Amani, na mimi nikaenda mpaka huko Amani, nikarudi kama nilivyokwenda.

Nawaambia jambo ambalo pengine halifai kusemwa kwenye mkutano kama huu. Tumaini ndilo lililonimaliza. Kila aliyenipa tumaini aliniacha pabaya zaidi ya aliponikuta. Kila asubuhi nilikuwa nafumbua macho na kupima ukuta wa chumba, kama leo umepanuka. Haukupanuka. Mwisho nikaacha na matone. Nilijiuliza yanalinda nini. Nikawa nakaa ndani mchana kutwa, mlango nimeurudishia, nikitamani Mungu amalize kazi aliyoianza. Nasema wazi kwa sababu najua humu ndani siko peke yangu. Na kile nilichobaki nacho kikaendelea kupungua. Mke wangu alikuwa anaiona ile chupa ya matone imejaa vile vile, na mimi nikijifanya sijui kwamba anaiona.

Basi siku moja mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nikasikia mtu analia nje. Kilio cha msiba, cha kweli kabisa. Majirani wakatoka kuuliza kafa nani. Mtu akasukuma mlango, akaingia amejitanda kanga kichwani, anajipiga kifua. Alikuwa mtani wangu.

Jina lake silitaji. Ni Mzigua, analima mpunga huko chini Magoma, na kwenye mizunguko yote alikuwa anakaa nyuma ya gurudumu langu. Wageni humu ndani niwaeleze kidogo: sisi Wasambaa na Wazigua tunataniana, na kwenye msiba mtani ana ruhusa zake. Atamwigiza marehemu, ataingia jikoni, atabeba kitu, na ukikasirika mwenye makosa ni wewe.

Alimgeukia mke wangu akamlaumu kwamba tumezika bila kumwita. Akakaa mkekani, akadai chai ya matanga. Alipomaliza kunywa akasimama kuniigiza: makalio juu, kichwa chini, ulimi nje, anaingia kona. Halafu anaanguka, anainuka, anafoka, "Umetokea wapi wewe?" Majirani walicheka mpaka wakashikana mabega. Mke wangu naye akacheka, mara ya kwanza tangu tutoke hospitali, kisha kicheko kikageuka kilio. Mimi sikucheka. Nilimwambia atoke nyumbani kwangu.

Akawauliza majirani kama wamemsikia marehemu akiongea. Wote wakajibu kwamba hawajasikia kitu.

Hebu fikirini, umekaa ndani ya nyumba yako na mji mzima unakwambia umekufa. Mtani akasema anataka mali ya marehemu. Akapanda darini, mke wangu anamshikia ngazi, akaiteremsha baiskeli, nyeusi tititi kwa masizi. Akaikokota mpaka mlangoni na kusema, "Marehemu akifufuka, aifuate Lushoto siku ya mizunguko." Akaondoka nayo.

Nilikasirika. Sikuwa nimekasirika kwa miezi mingi, mtu aliyekata tamaa hata hasira hana. Siku ya mizunguko ilipofika nilioga, nikavaa jezi yangu, nikapanda bodaboda mpaka mjini. Nikaikuta baiskeli imeegemezwa kwenye meza ya mwamuzi, imeoshwa, mnyororo umetiwa mafuta. Mtani hakuwepo. Mwamuzi akaniambia mbio bado hazijaanza, njia ni tupu, kama nataka nipande. Nikapanda.

Stendi nilipita vizuri. Sokoni vizuri. Mlima wa kanisani niliupanda nimesimama kwenye pedali, mapafu yanawaka, na ile baridi yetu inanigonga meno, na hapo tumaini likanirudia lote kwa mkupuo. Nikaamini daktari alikosea. Nikaamini nimepona, na kwamba wale waliosema nitapona walikuwa wa kweli kuliko vipimo vyote. Nikateremka nikiwa na imani hiyo. Nikaingia kona bila kugusa breki, kama zamani.

Sikuiona kona. Niliona lami mbele yangu, halafu sikuona kitu. Nilikwenda moja kwa moja hadi zinapokaa meza za matunda.

Meza hazikuwepo. Palikuwa na magunia ya majani makavu, yamepangwa matatu kwenda juu, na mimi nikawa katikati yake, mzima, jezi imejaa vumbi. Pembeni alikuwa amesimama mtani wangu. Alikuwa amewaomba akina mama wa matunda wahamishe meza tangu asubuhi, akapanga magunia, akanisubiri. Alijua sitakata kona. Alijua siku zote, na hakuja kunidanganya.

Safari hii hakunitania. Aliketi karibu yangu juu ya gunia, akanipangusa majani usoni. Akasema, "Sasa tumezika. Mwendesha baiskeli amekufa, mimi nimemlilia na nimemshuhudia. Wewe ni mtu mwingine, una mke na una kabichi. Matone yako yako wapi?"

Nililia pale kwenye kona, mbele ya wauza matunda, na sikuona aibu. Tangu niugue yeye ndiye mtu wa kwanza, ukimwacha daktari, ambaye hakuniambia nitapona. Jioni ile nilitia matone. Mke wangu alikuwa anapepeta maharage, hakugeuka, lakini ungo ulisimama mpaka nilipofunga chupa.

Matanga yakiisha mali hugawanywa. Yule dada mshonaji alikuwa na baiskeli nzito kama jiwe la kusagia, na kila mizunguko anapungiwa kitambaa mapema. Nikampa yangu. Iliniuma kuitoa, na mpaka leo inaniuma.

Sijaja hapa kuwaambia nimeshinda. Kuna asubuhi naamka na sitaki kuinuka. Shambani napalilia mstari mmoja, na mke wangu anapita nyuma kupanda upya miche niliyoikata. Daktari ananipima na kuniambia bomba ni lile lile, na hiyo kwangu ndiyo habari njema, lile lile. Nashukuru madaktari na wauguzi wetu. Nawashukuru akina mama wa matunda waliopoteza biashara ya asubuhi nzima kwa ajili yangu. Namshukuru mtani wangu, yuko Magoma anapandikiza mpunga, naye angekuwepo mngenicheka sana. Na mke wangu, aliyeketi pale nyuma: baadaye sana ndipo nilipojua kwamba yeye ndiye aliyempigia mtani simu aje. Asante, mama watoto.

Ninyi ambao ndio kwanza mmeambiwa, mafunzo yangu ni machache. Kisichorudi kilieni, kizikeni, mkiwa na watu wanaowajua vizuri. Mkikiacha kwenye moshi juu ya vichwa vyenu kitakula hata hicho kidogo mlichobaki nacho.

Siku za mizunguko nakwenda. Nakaa kwenye kona ile ile. Kundi silioni, linapita kabla sijalipata kwenye bomba langu. Lakini gurudumu la nyuma la baiskeli yangu lina mlio wake, nimeishi nao miaka, siwezi kuuchanganya na mwingine. Mizunguko iliyopita kengele ya mwisho iligongwa kule stendi, nikainamisha kichwa kusikiliza. Kundi likateremka kutoka kanisani, likaingia konani kwa upepo mmoja. Baiskeli yangu ilikuwemo ndani.

Mama, leo jioni tia matone yako. Nami nitakuwa natia yangu.