Mhudumu wa Wodi ya Vitanda Tisa

Ndugu waombolezaji, ukoo umeniomba nisome historia ya baba mkwe wangu, na kwa kuwa kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake, nitamwita marehemu.

Marehemu alizaliwa Kisondela tarehe 14 Machi 1931, akasoma hadi darasa la nne, akamwoa mama Tulinagwe mwaka 1953, wakajaliwa watoto sita, wa mwisho akiwa mume wangu Asajile. Mwaka 1962 alibeba matofali kichwani pamoja na wanakijiji wenzake kujenga hospitali yetu, ambayo ilianza na vyumba viwili na vitanda tisa, akaajiriwa kuwa mhudumu, na wengi wenu mnaukumbuka uji wake wa asubuhi, na harufu ya dawa aliyopigia deki.

Zahanati za watu binafsi ziliporuhusiwa, wauguzi wetu wawili walihamia mjini, akabaki yeye na mganga mmoja. Tarehe 8 Aprili 1993, mganga akiwa amekwenda Mbeya kufuata dawa, nilifika na uchungu katika mvua kubwa, nikamkuta marehemu peke yake. Kwa mila yetu mkamwana haonani na baba mkwe, nikajifunika kanga usoni, nikageuka niondoke. Marehemu akatundika blanketi katikati ya chumba, akamwita mama Tupokigwe, aliyekuwa jikoni akimpikia mgonjwa wake, akawa anamwelekeza kutoka upande wa pili. Mtoto alitoka kimya, hapumui, na hapo marehemu akavuka blanketi, akamsafisha kinywa, akamsugua mgongo mpaka akalia. Wazee walipomhoji alijibu, "Humo wodini hamna wakwe, kuna wagonjwa tu." Baada ya hapo alirudi kwenye heshima yake, tukikaribiana njiani aliingia migombani nipite.

Alistaafu Desemba 1994. Kifua kilimwanza mwaka uliofuata, akalazwa wodi ile ile, na hata akiwa kitandani aliwaambia wahudumu vijana kwamba kona ya mlangoni haijapigwa deki. Alifariki tarehe 2 Juni 1996, alfajiri.

Tunamshukuru mganga Hezron na wahudumu wote, majirani wa Kisondela, na mzee Yunusu wa Kiwira aliyetupa gari lake.

Mtoto yule ni Prisca, amekaa pale na bibi yake. Wazee wameniruhusu neno moja, jina lake.

Baba Anyelwisye, asante kwa Prisca. Pumzika kwa amani.