Mansuetus Ndunguru na Setilaiti ya Nne

Jirani yetu Ottilia aliwahi kuniuliza, "Hivi dada Beata, huyo kaka yako akisimama katikati ya kahawa, kofia kavua, kanyamaza vile, anamwomba nani?" Nilicheka. Nikamjibu, "Haombi, anasubiri setilaiti."

Marehemu Mansuetus Ndunguru alizaliwa hapa Mapera tarehe 14 Februari 1969, kwa Mzee Damiano na Mama Hildegardi. Alisoma hapa hapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1984. Tangu 2009 alikuwa msaidizi wa wapima ardhi, huku milimani hadi kule ziwani.

Alitueleza kwamba setilaiti zile hazitulii. Kila moja huzunguka dunia karibu mara mbili kwa siku, juu kabisa kuliko ndege, na ili GPS yake, kile kipimo cha mkononi, iseme kweli ilitaka kuona angalau nne. Aliziita Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Moja ikizama nyuma ya mlima alisema, "Luka kaondoka. Tungoje." Wifi yangu Tereza, binti wa Lituhi aliyefunga naye ndoa tarehe 7 Oktoba 1995, alikuwa akimtania, "Mume mwenyewe nagawana na wainjili wanne!"

Mwaka 2016 alipima mpaka wetu na Ottilia kule bondeni. Zilionekana tatu tu, na mvua ilikuwa inakuja. Mimi ndiye niliyeshika kamba, nikamwambia, "Kaka, tatu si zinatosha? Hata Utatu Mtakatifu ni watatu." Akacheka, akachimbia jiwe la mpaka. Alipopima tena mwaka jana, aliona jiwe limeingia kwa Ottilia hatua sita, mstari mzima wa kahawa yake. Lilimnyima raha. Lakini kabla hajalihamisha, figo zikamlaza.

Alitibiwa Mbinga, kisha Songea, kwa miezi kumi. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tatu asubuhi, rozari ikiwa mkononi.

Ameacha mjane, Tereza. Watoto watatu, Alphonce, Eunice na Glorious. Wajukuu wawili, na mimi mdogo wake. Bwana ampokee, apumzike kwake kwa amani.

Ombi lake la mwisho alinipa mimi, nami nalisoma Ottilia akiwa hapa anasikia: "Kabla hamjanifukia, kang'oeni lile jiwe, mkampimie Ottilia upya. Na safari hii msubirini Yohana."