Stempu ya Ndege Kwenye Filamu

Nyie wenye wazazi, someni haya niliyoyasikia jana kwenye basi. Kiti cha mbele yangu, mzee mstaafu wa posta alikuwa akimwambia fundi cherehani aliyeketi naye kwamba hutazama filamu za zamani kwa ajili ya stempu tu.

"Wenzio wanatafuta mapenzi, mzee, wewe stempu!" fundi akacheka.

"Watengenezaji huwa wanakosea, binti yangu. Juzi hadithi ni ya enzi za babu yangu, lakini bahasha ina stempu ya ndege niliyoiuza mwenyewe dirishani. Nikasimamisha picha nicheke vizuri. Kumbe na mwandiko ni wangu."

Nikajifanya nasoma tangazo la nauli.

"Ni barua niliyomwandikia mwanangu kumweleza kwa nini sikufika kumzika mama yake. Watu wa filamu hununua makaratasi ya zamani. Mwigizaji ndiye aliyeifungua mara ya kwanza."

"Labda mwanao aliisoma akaigundisha tena."

"Miaka thelathini posta, nisijue bahasha iliyokwisha kufunguliwa? Na mimi siku zote nilidhani alisoma, akanisamehe."

"Muulize basi!"

"Nisipouliza, nitabaki nimesamehewa."

"Huo si msamaha, mzee, huo ni woga," fundi akasema, na basi likasimama.

Mwanamke mmoja alikuwa akingoja kituoni. Akampokea mzee mfuko, akamshika mkono. "Baba, mbona macho mekundu?"

"Vumbi tu, mwanangu."