Binti Aliyelikataa Lango Kuu

Nje ya kibanda cha Kinyozi pana benchi refu linaloegemea ukuta, na kila asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda kazini, dunia hubomolewa hapo na kujengwa upya kwa kahawa. Siku hiyo Spana, fundi wa malori, alikaa pembeni kabisa akiomba asisemeshwe. Ni yeye aliyeutangazia mtaa mzima kwamba binti yake amechaguliwa Lango Kuu, chuo kikuu ambacho hata asiyejua kusoma analijua geti lake kwa picha za kalenda. Kisha binti huyohuyo akaikataa nafasi, akaomba chuo kidogo cha mji wa mbali, kilicho nyuma ya bohari la mbao. Kijiwe hakikuchelewa: kikakibatiza Chuo cha Maranda. Tangu hapo baba na mwana walikuwa wakipishana nyumbani kama malori kwenye daraja jembamba, kila mmoja akimngoja mwenzake apite. Na leo ndiyo siku ya safari ya binti.

— Spana, pole sana, alianza Chansela. Huyu aliwahi kusoma Lango Kuu mwaka mmoja, enzi za ujana wake, na mpaka leo hajamaliza kuusimulia.

— Pole ya nini? Nimefiwa?

— Afadhali ungefiwa. Msiba una arobaini, lakini aibu haina.

— Mimi sioni aibu, alisema Buli, muuza kahawa, akimimina bila kuangalia. Kahawa ni kahawa hata ukiinywea kwenye kopo.

— Wewe nyamaza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

— Hiyo methali imeingiaje hapa?

— Imeingia kwa mlango wa mbele! Mtaka kazi acheze kwao Lango Kuu.

Kinyozi alichungulia nje, wembe mkononi. Ndani, kwenye kiti, alikuwa na mteja mgeni, povu limemjaa nusu ya uso.

— Mimi nawajua kwa vichwa, alisema. Kichwa cha Lango Kuu nywele zake zinaota kuelekea mbele. Cha chuo cha uchochoroni zinaota zinarudi nyuma, kama zina deni na mtu.

— Na wasiosoma kabisa? aliuliza Buli.

— Zinazunguka tu.

Spana alijikuta anapapasa utosi wake. Akaushusha mkono haraka.

— Nyinyi mnacheka, alisema Chansela, lakini mimi nilikuwa ndani. Kule tuna kikohozi.

— Mnaumwa?

— Kikohozi cha kujuana! Unaingia kwenye usaili, mkubwa wa ofisi anakohoa hivi... akakohoa, fupi, kwa heshima. Wewe unamjibu. Kazi umepata, vyeti havijafunguliwa. Sasa wa Maranda atakohoa nini? Vumbi la mbao!

Benchi zima likacheka. Spana alitabasamu na wenzake, na tabasamu lile likamkaa kinywani kama kidonge kisichomezeka. Alikuwa bado anatafuta la kusema alipomwona binti yake akivuka barabara.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama.

— Baba, funguo za gereji. Umezisahau mezani.

Alizipokea bila kuinua macho. Binti alikuwa anageuka aondoke, Chansela akamwahi.

— Mwanangu, ngoja. Mtu akikuuliza umesoma wapi, utamjibu nini?

— Nitamtajia nilikosoma.

— Atacheka.

— Acheke, Mzee. Meno ni yake.

— Lakini umekataa Lango Kuu! Watu wanalilia pale!

— Niliomba kusomea mashine, wakanipa Utunzaji wa Kumbukumbu.

— Kumbukumbu za nini? aliuliza Buli.

— Ndicho nilichowauliza.

— Ungeingia kwanza! Chansela alipiga goti lake. Ukishakuwa ndani unahama taratibu.

— Wewe uliingia kwanza, Mzee wangu. Ulihamia wapi?

Kijiwe kikaguna. Buli alisahau birika limeinama, kahawa ikafurika mpaka kwenye kiatu cha mtu. Spana alijua wajibu wake kama mzazi ni kukemea, mtoto hamjibu mkubwa hivyo. Alifungua mdomo akemee, ikamponyoka pumzi ya kicheko. Akaigeuza kuwa chafya.

— Samahani, Mzee, alisema binti, sauti imeshuka. Sikukusudia kukuvunjia heshima. Lakini mnanisema kila siku, na leo ninaondoka, basi nami niseme. Bibi alipoanguka tulimpeleka hospitali kubwa. Mashine ya kupiga picha mifupa ilikuwa imefunikwa shuka kama maiti. Daktari kasoma Lango Kuu, cheti kiko ukutani, mtu mwema kabisa. Akasema mashine imekufa na fundi wake hayupo. Bibi akarudi nyumbani hivyohivyo, mnamwona anavyochechemea. Maranda wanafundisha kuzifungua zile mashine na kuzifufua. Lango Kuu walininyima somo hilo. Mimi sikukimbia geti. Nimefuata kazi.

Akamtazama baba yake.

— Kwaherini wazee. Baba, kwaheri.

— Haya, alisema Spana, macho kwenye funguo.

Alipopotea kwenye kona, kijiwe kikawaka upya. Chansela akasema kiburi hicho ndicho ugonjwa wenyewe wa vyuo vidogo, wanakinywa kwenye maji. Kinyozi akasema la, kiburi kiko kisogoni, yeye ameshakinyoa mara nyingi, na mtu huwa mpole mpaka nywele zirudi. Chansela akaapa kwamba geti la Lango Kuu limejengwa chini kidogo kwa makusudi, ili apitaye ainame, na aliyewahi kuinama pale hapati kazi ya kubeba mzigo maisha yake yote. Buli akamuuliza mbona juzi alimwona amebeba gunia. Wakabishana juu ya gunia.

Ndipo sauti ngeni ikatoka ndani. Yule mteja alikuwa amesimama mlangoni, shavu moja safi, jingine povu tupu.

— Samahanini, mimi mpita njia tu. Huyo binti, basi lake linaondoka saa ngapi?

Chansela alimtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Buli, kisha wote wakamgeukia Spana.

Spana hakujua. Angeweza kuwatajia majina ya wakubwa waliosoma Lango Kuu mpaka jua litue. Lakini saa ya basi la mwanawe, aliyelala chumba cha pili, hakuiuliza. Akainuka, akaacha kikombe kimejaa.

Alimkuta uani, anafunga begi kwa kamba.

— Basi saa ngapi?

— Saa nne, Baba.

— Nani anakusindikiza?

Binti akakaza fundo la kamba. Spana akalitwaa begi, akalitupa begani.

— Tupite njia ya nyuma, alisema binti. Wasikucheke.

— Njia ya nyuma wanapita wezi. Tunapita mbele.

Wakapita mbele. Kijiwe kilikuwa bado kiko kwenye gunia.

— Spana! aliita Chansela. Unampeleka wapi mtoto?

Spana akasimama katikati ya barabara. Alijibu kwa sauti ile anayomwitia msaidizi wake aliye chini ya lori, injini inanguruma.

— Nampeleka Chuo cha Maranda! Nyuma ya bohari la mbao! Anayetaka kucheka acheke upesi, sisi tunawahi basi!

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alipunga wembe. Buli akasema safari njema. Chansela akaomba aongezewe kahawa.

Walipokwenda hatua chache binti akamvuta shati.

— Baba, umepiga kelele mno.

— Bado, alisema Spana.

Na walipofika kona ya pili, kwa mafundi viatu, ambako hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza, akasimama akarudia.