Kikwembe cha Marehemu Dada Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ah, hapana, hiyo ni amina ya wagonjwa. Bwana asifiwe! Sasa ndiyo mmeamka.

Mimi ni Riziki, mtoto wa hapa hapa mjini Baraka. Wengi mnaniona nikipita na pikipiki ya kazi, nikielekea kambi ya wakimbizi ya Lusenda au kule Nundu kukutana na mabinti. Mnasema, "Ule dada iko na bahati, anapanda mpaka ndege!" Bahati gani, ndugu zangu? Ngojeni niwaambie Mungu alinitoa wapi.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari wakati dada yangu Mwamini alipofariki katika uzazi, huko Fizi alikoolewa. Aliacha kichanga, na mwingine aliyeanza tu kutembea. Nilimlilia mpaka sauti ikakauka. Machozi hayajakauka bado, nikaanza kusikia wazee wakinong'ona. Mnaijua desturi ya kwetu: mke akifa na mahari imeshaliwa, mdogo wake anaingia katika nyumba. Siku ya kuondoa matanga, kikwembe cha marehemu, kitenge chake cha kujifunga, kinawekwa mbele ya binti. Akikiokota na kujifunga, basi, amekuwa mke. Hakuna harusi, hakuna maswali.

Yesu wangu! Mimi nilitaka kwenda Bukavu kusoma kazi ya maendeleo. Na shemeji yangu, mtu mzuri, nilikuwa namheshimu kama kaka wa tumbo moja. Nikafunga, nikaomba. Nikamwambia Mungu, "Baba, kama kweli hulali, saa ndiyo hii." Akanyamaza. Ndiyo, alinyamaza! Tusidanganyane kanisani.

Siku ikafika, ua umejaa watu. Baba mkubwa akaleta kikwembe, kile cha kijani ambacho Mwamini alipenda kuvaa Jumapili, akakilaza kwenye mkeka.

"Kamata, mutoto wangu. Batoto ya dada yako banalia."

Na kweli kichanga alikuwa analia. Hapo ndipo nilipovunjika, kwa sababu nilimpenda mtoto yule. Nikainama. Ndugu zangu, mkono wangu ulikuwa umeshafika!

Mara mama yangu akainuka. Mama huyu hakuwahi kusema neno mbele ya wazee. Yeye mwenyewe aliingia kwa baba kwa njia hiyo hiyo, baada ya dada yake kufa. Akakiokota kikwembe, akamweka kichanga mgongoni, akafunga kwa nguvu.

"Munatafuta mama ya batoto? Niko hapa. Riziki aende ku masomo."

Baba akapaza sauti: "Mama Mwamini, unatupatisha haya mbele ya bantu!"

Mama aliendelea kumbembeleza mjukuu wake. Ndipo shemeji, aliyeinamisha kichwa tangu asubuhi, akaangua kilio. "Mungu akubariki, mama. Mi pia niliogopa kusema." Haleluya! Kumbe tulikuwa wawili tuliofungwa kamba moja!

Wazee walinuna sana. Baba naye alinuna, lakini watoto walihamia kwetu, na babu gani ataendelea kununa huku mjukuu anamvuta ndevu? Mwishowe yeye mwenyewe alinisindikiza nilipoondoka kwenda Bukavu. Nikasoma, nikarudi. Leo nafanya kazi na mabinti wa kwetu na wa ndugu zetu wakimbizi wa Burundi. Wengine wanashona, wengine wamerudi shule na watoto wao mgongoni. Nilitumwa hata nchi za mbali kuwasemea mbele ya wakubwa. Nikajiambia, Riziki, hawa wote hawamfikii baba mkubwa kwa ukali. Nikafungua kinywa.

Ndugu zangu, nilidhani Mungu amenisahau, kumbe wakati ule wa kunyamaza alikuwa anaongea na mama yangu. Asante Yesu! Asante, mama, na leo usijifiche nyuma ya bamama wa kwaya, nimekuona!

Mtumainini Bwana. Na najua humu ndani yuko binti ambaye kwao matanga yanaondolewa wiki hii. Usitoroke, mdogo wangu, wala usikate tamaa. Ibada ikiisha, unikute mlangoni. Tutaenda kwenu pamoja, mimi na mama yangu, kabla wazee hawajakaa kikao.