Naomba Unisubirishe

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali. Waheshimiwa madaktari, wauguzi na wafanyakazi wote. Ndugu wageni waalikwa. Ndugu wagonjwa, pamoja nanyi mliokuja kuwaangalia. Bibi yangu, uliyewekwa mstari wa mbele kwa ajili ya masikio yako. Shangazi, unayejificha nyuma ya daktari wa meno ingawa sote tunakiona kilemba chako. Mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Kabla sijaanza kusoma niliyoyaandika, kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Wiki iliyopita nilipiga simu katika hospitali hii nikiwa sina mgonjwa, sina ugonjwa, wala sina swali. Dada wa Simu namwona pale karibu na mlango, na nadhani ameshaanza kuitambua sauti yangu. Dada, nitaeleza. Nivumilie mpaka mwisho, kama ulivyonivumilia siku ile.

Leo tumekusanyika kuufungua ukumbi huu mpya wa kusubiria, na kuusikia hadharani muziki utakaopigwa humu ndani na katika simu ya hospitali. Umetungwa na Shangazi yangu, na yeye ndiye aliyeombwa kuhutubia. Akasema, "Maisha yangu yote nimefanya kazi isiyo na maneno, leo mnanipa kipaza sauti?" Kisha akanigeukia mimi, ambaye nyumbani huitwa Kamusi kwa sababu nasoma mpaka maandishi ya pakiti ya chumvi. "Maneno yote ya ukoo huu unayo wewe," akasema. "Nenda." Ndugu zangu, mimi darasani mkono wangu hupanda mpaka usawa wa sikio, ukashuka. Kwa hiyo mkiona karatasi hii inatikisika, msimlaumu aliyefungua dirisha.

Shangazi ni mtunzi wa muziki wa ala, yaani muziki unaopigwa bila mtu kuimba. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba anaitwa shangazi kwa sababu anatunga shanga. Baadaye nilifungua kamusi, nikakuta kutunga ni kupitisha uzi katika shanga na ni kubuni wimbo pia, nikaona sikuwa nimekosea sana. Nimemtazama akifanya kazi. Hupiga sauti moja, akaisikiliza mpaka iishe, akaongeza ya pili, akaongeza ya tatu, halafu akaudondosha uzi mzima na kuanza upya. Ukimsalimia asubuhi anapotunga, huitikia mchana, tena kwa mshangao, kana kwamba umeingia sasa hivi.

Je, ni kazi rahisi kutunga muziki usio na maneno katikati ya watu wanaopenda maneno kama sisi? Onyesho lake la kwanza lilikuwa la magitaa matatu na filimbi. Wapigaji wakapiga kipande chote, vizuri, mpaka mwisho. Ukumbi ukakaa kimya. Ndipo mshereheshaji akachukua kipaza sauti akasema, "Ndugu zangu, tunaomba radhi, mwimbaji bado hajafika." Shangazi alikuwa nyuma ya pazia. Anasema alicheka mpaka akakaa chini, na kwamba alipofika nyumbani hakucheka tena. Mpaka leo majirani humuuliza, "Wimbo wako ule unahusu nini?" Akiwajibu, "Hauhusu kitu, usikilizeni tu," wanaona anawaficha umbea.

Naomba nirudi nyuma kidogo, kwa sababu bila kinanda cha kwanza hotuba hii haitaeleweka. Babu yangu alikuwa fundi saa. Siku moja alileta nyumbani kinanda cha umeme kilichotupwa na shule ya chekechea. Shangazi alikuwa na umri kama wangu. Mdogo wake, ambaye ndiye baba yangu, alikuwa mtoto wa kutembea na kikombe kila aendako. Basi siku hiyo Baba akakinywesha kinanda chai. Hakumwaga kwa bahati mbaya. Alikipa kwa makusudi na kwa upendo, maana kilikuwa kimeimba tangu asubuhi na aliona lazima kina kiu.

Babu alikifungua kama anavyofungua saa, akakikausha kwa pamba, na vibonye vyote vikafufuka isipokuwa kimoja. Kilikuwa cha katikati. Shangazi husema kibonye kile ndicho nyumbani: sauti ambayo wimbo hutoka kwake kwenda kutembea, na ambayo wimbo ukichoka hutamani kuirudia. Hapakuwa na kinanda kingine. Akajifunza kutunga akikikwepa. Wimbo ukikaribia pale, anaupandisha ngazi moja, au anaupitisha uchochoroni. Miaka mingi baadaye alipata kinanda kizima, lakini vidole vilikuwa vimeshazoea. Ni kama shimo la barabarani: likishafukiwa, wenyeji bado wanalikwepa, na mgeni anayewafuata nyuma anashangaa wanapinda nini.

Hivyo ndivyo alivyotunga muziki wa kufungulia taarifa ya habari, na wa tangazo la sabuni, na vipande virefu vilivyopigwa mbele ya viti vitupu. Baba akisikia chochote kati ya hivyo humwambia, "Dada, na humo mna sehemu yangu." Naye humjibu, "Sehemu yako ni ile isiyosikika, mharibifu wewe."

Na hivyo ndivyo alivyotunga muziki wa zamani wa simu ya hospitali hii, ule uliokuwa ukipigwa mtu anapoambiwa asubiri. Fundi wa simu alimpa sharti moja. "Mama, weka upendacho, ila usinyamaze. Simu ikinyamaza, watu wanadhani imekatika, nao wanakata." Mwambie mvuvi asitumie maji! Shangazi hupenda kimya kuliko sauti, kwa sababu ndani yake, husema, ndimo msikilizaji anamovuta pumzi. Lakini kazi ni kazi. Akatunga wimbo unaozunguka bila kupumzika, kama mtu anayetafuta funguo nyumba nzima. Watu wakauzoea, wakauchoka, wakaanza kumtania kwamba yeye ni fundi wa kuwachelewesha wagonjwa. Mwaka jana alikifunika kinanda kwa shuka. "Nimestaafu," alituambia. "Nimechoka kuwa mtunzi wa 'tafadhali subiri'." Shuka lile likakaa pale, juu yake tukaanza kuweka nguo zilizopigwa pasi.

Kisha Baba akaugua. Mshipa mkubwa karibu na moyo ulikuwa umevimba, na madaktari walisema ukipasuka hakuna atakayewahi kufika naye popote. Akaletwa hapa, mbali na kwetu, afanyiwe upasuaji. Mama akaja naye. Sisi tukabaki jikoni: Shangazi, Bibi na mimi. Saa waliyosema upasuaji ungekuwa umekwisha ikafika, ikapita. Tukampigia Mama, simu yake ilikuwa imezima. Tukangoja, tukampigia tena, ikawa bado. Mwishowe Shangazi akapiga namba ya hospitali, akaongeza sauti ili sote tusikie, akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari.

"Tafadhali subiri," ikasema. Na wimbo wake ukaanza.

Mmewahi kusikiliza muziki huku mkisubiri kuambiwa kama mtu wenu yu hai? Mimi niliusikia wimbo ule mara nyingi kabla ya siku hiyo, lakini sikuwahi kuogopa kila unapoanza tena mwanzo. Ulianza, ukazunguka, ukaanza. Bibi, ambaye sikio lake moja hulala na la pili husinzia, akainama kwenye simu.

"Huyo anayepiga kinanda," akasema, "mwambieni aondoke tuongee na daktari."

"Mama, anayepiga kinanda ni mimi."

"Basi ondoka tuongee na daktari."

Hata Shangazi alicheka, kicheko kifupi, kisha akaisogelea simu.

"Kamusi. Unasikia?"

"Nasikia, Shangazi."

"Hautui."

"Nini hakitui?"

"Wimbo. Unakuja, unakaribia, unapitiliza. Mtu amebeba mzigo kama huu, halafu mimi nimemnyima pa kuutua." Akaweka kidole mezani, mahali ambapo kibonye cha katikati kingekuwa, akasubiri wimbo ufike pale unapokwepa, akabonyeza. Meza haikutoa sauti. Wimbo ukazunguka tena, naye akabonyeza tena.

Bibi alikitazama kile kidole. Naamini alikuwa hausikii wimbo sawasawa, lakini baada ya muda akajua ni lini kitashuka. Akauliza, "Hapo pana nini?"

"Hapo ndipo ilipoingia chai, Mama."

"Aa." Bibi akavuta kiti karibu. "Nilimchapa siku ile."

"Nakumbuka."

"Ningejua nisingemchapa," akasema Bibi, na akaweka mkono wake mezani kando ya kidole cha binti yake.

Ndivyo tulivyokuwa wakati muziki ulipokatika. Nilidhani simu imekatika, kama fundi alivyosema watu hudhani, nikanyoosha mkono nipige tena. Lakini ilikuwa sauti ya Dada wa Simu. "Haloo, mpo? Msikate, nawaunganisha na wodi." Akaja muuguzi mwenye sauti kubwa, ambaye leo amekaa safu ya tatu na tayari anacheka. Akauliza, "Nyinyi ni nani wake?"

Shangazi akafungua kinywa. Kabla hajajibu, Bibi, ambaye sijui alisikiaje, akapaza sauti, "Mama yake!"

"Mama, shusha moyo. Kila kitu kimekwenda salama, mwanao ameamka. Ila anatusumbua. Anadai chai, na bado haruhusiwi kunywa kitu."

Shangazi akaipiga meza kwa kiganja mpaka kopo la sukari likaanguka. "Mnyimeni!" akasema, machozi yakimtiririka. "Mnyimeni kabisa! Huyo na chai tunamjua sisi!"

"Anasema nini?" Bibi akaniuliza. "Mbona analia? Anasema nini?"

Nikamwinamia sikioni. "Anataka chai, Bibi!"

Bibi akaegemea kiti chake. "Basi huyo mzima," akasema, na akaanza kuokota sukari.

Mheshimiwa Mkurugenzi, huenda mmeona kwamba katika salamu zangu sikumtaja baba yangu. Sikumsahau. Nilikuwa namwekea mahali pake. Baba yupo pale, mwenye shati la bluu, na kilicho mkononi mwake ni kikombe. Muuguzi, naomba usiinuke, siku hizi ameruhusiwa.

Jioni ileile Shangazi alihamisha nguo zilizopigwa pasi, akalikunja shuka, akalipeleka kabatini. Wimbo mnaousikia leo ni uleule wa zamani. Hakuubadilisha kwa sababu, anasema, wanaosubiri hawapendi wageni. Unazunguka kama zamani na unapinda palepale unapopinda. Ila ukifika mwisho, unashuka mpaka kwenye ile sauti ya katikati na kukaa, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Fundi wa simu alimlalamikia. "Mama, sauti moja ndefu hivyo, watu watadhani simu imekwama." Akamjibu, "Acha ikwame kidogo, mwanangu. Wapumzike."

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari mlioushona ule mshipa, kazi ambayo nimejaribu kuisoma vitabuni na nikafunga kitabu. Nawashukuru wauguzi kwa kunyima chai kwa uthabiti. Nakushukuru wewe Mama, ambaye chaji ilikuishia kwa sababu siku nzima ulikuwa ukitutumia maneno ya kututia moyo. Nanyi mtakaokaa katika viti hivi vipya, mkiwa na hofu tuliyokuwa nayo sisi, ningependa mjue kwamba aliyewatungia muziki huu amewahi kukaa upande wenu wa simu. Shangazi, mshereheshaji yule alikosea. Mwimbaji alikuwa amefika zamani.

Sasa nimalizie deni langu kwa Dada wa Simu. Jumanne ya wiki iliyopita Shangazi alisema fundi ameshauweka wimbo mpya. Nilitoka shule nikakuta nyumbani hakuna mtu. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikapiga. Nilikuwa nimejiandaa kusubiri, sikujiandaa kupokelewa.

"Hospitali, nikusaidie nini?"

"Samahani, dada. Naomba unisubirishe."

"Umsubiri nani?"

"Simsubiri mtu."

"Mdogo wangu, u mzima kweli?"

"Mzima, dada. Wote nyumbani wazima."

Nikamsikia anacheka puani, kisha akanisubirisha. Niliusikiliza wimbo ukizunguka. Ulipokaribia, niliweka kidole mezani nikabonyeza, na safari hii sauti ikatoka. Ilipokwisha nilikata simu ili wenye wagonjwa wapate nafasi, nikaosha vikombe viwili vilivyokuwa kwenye karo, nikafuta meza, nikakaa kuiandika hotuba hii.

Asanteni kwa kunisubiri.