Neno la Kwanza la Sala

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, Mungu asiyekosea msimu! Mimi naitwa Marta, nimelelewa Ole, hapa hapa Pemba, na leo nimesimama kwa sababu kinywa changu kilifunguliwa. Wengi mnanijua kwa maneno mengi, kwa hiyo mtacheka mkisikia kwamba kuna neno moja nililoshindwa kulitamka tangu utotoni. Neno lenyewe ni Baba.

Baba yangu mzazi, Yohana, alikuja kisiwani kutoka Tabora pamoja na wachumaji. Mnajua wenyewe, karafuu hazizai sana kila mwaka, na watu wa bara huletwa ule mwaka ambao miti imeelemewa. Mama alikuwa amekwisha kufariki, hakuna wa kuachiwa mtoto, basi akanichukua. Tukapewa chumba cha uani kwa Bi Mize, mjane mwenye shamba dogo. Msimu ulipokwisha nilikuwa kitandani na homa, na meli haimngoji mgonjwa. Baba akaniacha kwa Bi Mize, akasema atarudi kunichukua msimu ujao.

Ndugu zangu, msimu ujao ni lini? Mtoto anajua nini! Kila nilipoona miti imetoa vichomozo, karafuu zikianza kuchipua, nilifua gauni langu nikaliweka tayari. Miti ikazaa, wachumaji wakaja wakiimba, nami nikatazama nyuso zao mmoja mmoja. Baba hakuwamo. Ukapita msimu huo, ukaja mwingine wa neema, hakuwamo. Mwishowe nikaacha kufua gauni.

Bi Mize ni Muislamu, sala tano hazimpiti, na mapenzi aliyonipa sijui nianzie wapi kuyasimulia. Alinisuka, alinifunza kupika, alinigombeza kama wake wa kumzaa. Na kila Jumapili alinisindikiza mpaka kanisa letu dogo la njia ya kwenda mjini Chake, yeye akaenda kukaa kwa binamu yake hapo jirani mpaka tutoke. Majirani walimuuliza kwa nini asinitie chuoni kwa Kurani tu nikasoma na watoto wenzangu. Yeye akawajibu, "Babake kaniachia mtoto na dini yake. Miye sitomrudishia nusu."

Basi nikaenda kanisani, nikajifunza nyimbo zote. Lakini sala ya Bwana ilipoanza, neno lile la kwanza nililiruka. Wenzangu walisema Baba, mimi nikafunga mdomo, kisha nikaungana nao mbele. Nilikuwa na hasira, ndugu zangu. Nilijua baba ni mtu anayesema atarudi na hakurudi. Nimwite Mungu jina hilo kwa kosa gani?

Kisha zikaja hizi siku za siasa, watu wakaanza kuulizana nani mwenyeji na nani wa kuja. Ukikutana na mtu njiani, kabla hujamaliza kuamkia umeshaulizwa mtoto wa nani. Nilijibu wa Bi Mize. Wakauliza, na baba? Hapo nikashika njia yangu, na wengine walicheka. Nilijiona sina mlango hata mmoja duniani.

Wakati huo nilikuwa katika darasa la ubatizo. Mwalimu wetu Danieli, mzee mpole mwenye masikio makali, alikuwa amegundua ninavyoiruka ile sala. Hakunikaripia. Aliniambia tu siku moja tulipokuwa tukifagia kanisa, "Marta, unamdai Mungu deni la Yohana. Yohana alikuacha kwa Bi Mize, ni kweli. Lakini nani alimweka Bi Mize pale?"

Nilikasirika nikaondoka na ufagio. Maneno hayo lakini yakanifuata mpaka nyumbani. Jioni tukakaa barazani, Bi Mize na mimi, tunachambua karafuu, tunazitenga na makonyo, vile vijiti vyake. Nikamtazama. Mwanamke huyu hakunizaa. Hapana aliyemlazimisha. Sina damu yake, sina dini yake, lakini alinitaka, na kwa kutaka kwake mimi nikawa mwana wa nyumba. Nikaelewa! Bwana Yesu naye amenipokea hivyo hivyo, akaniingiza nyumbani kwa Baba yake kwa sababu amenitaka, wala hakuniuliza nasaba. Nikasema pale pale, kwa sauti ndogo, "Baba." Machozi yakanitoka, yakaingia kwenye karafuu. Bi Mize akauliza kama nimeingiwa na vumbi. Nikamwambia nimeweza kumwita Mungu Baba. Akasema Alhamdulillahi, kisha akanisogezea pakacha lililobaki.

Sasa sikilizeni kazi ya Mungu. Haikupita hata wiki. Karafuu zetu zilikuwa zimeanikwa uwanjani, jamvi baada ya jamvi, na mchana wingu likatanda ghafla. Mnajua desturi yetu: mvua ikitishia, aliye karibu yeyote hukimbilia kuanua, ziwe zake au za mwenziwe. Majirani wakaja mbio. Nikashika ncha ya jamvi, nikatazama nani kashika upande wa pili. Alikuwa mzee mgeni mwenye mguu mbovu, ametoka kambi ya wachumaji.

Nina namna yangu ya kuanua ambayo Bi Mize huicheka. Kwanza nakanyaga ukingo kwa kisigino, natikisa pembe mara mbili karafuu zikimbilie katikati, ndipo ninyanyue. Ole nzima hakuna afanyaye hivyo. Bi Mize huniuliza mbona naziamkia karafuu kabla ya kuzibeba. Mimi mwenyewe sikujua nimeitoa wapi. Basi nikakanyaga, nikatikisa, na mzee yule kwa upande wake akakanyaga, akatikisa mara mbili. Tukasimama tumeshika jamvi. Mvua ikaanza kudondoka, nami nikajua ni nani aliyenifunza kuanua hivyo.

Akasema, "Nimechelewa, mama."

Bi Mize akatupigia kelele tuingize karafuu kwanza, mengine baadaye. Tukaziingiza. Kisha akampa baba kanga kavu ajifute, akamwekea muhogo na samaki, akamgombeza muda wote alipokuwa akila. Naye akatueleza. Behewa la reli ya shamba la mkonge lilimvunja mguu mwaka ule ule aliorudi bara. Kila ilipofika zamu ya kuandikisha wachumaji alikwenda, na kila mara akaambiwa mguu huo haupandi mti. Safari hii wamemchukua apike. Alikuwa kambini siku kadhaa, anaogopa kuja mlangoni kwetu, mpaka wingu lilipomkimbiza.

Ndugu zangu, najijua. Angekuja mwaka mmoja kabla, ningemfukuza kwa mawe. Angekuja nikiwa mdogo, angenitoa mikononi mwa Bi Mize na kunipeleka kwenye njaa ya mkonge. Mungu alinifanya kwanza mwana wake, akanipoza moyo, ndipo akanirudishia mzazi. Nikamwita Baba, neno likatoka bila kukwama, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulizoea kwa mwingine mkubwa zaidi. Bi Mize alipoona baba amenishika mkono, akamwambia, "Mtoto wako huyo. Mzima, na dini yake." Halafu akatupa mgongo akalia, na sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Nikamwendea, nikamwambia sitoki nyumbani kwake, na sikutoka.

Jumapili baba alikuja nami kanisani, tukakaa nyuma kabisa. Sala ilipoanza nikamsikia: alinyamaza kwenye neno la kwanza. Alijiona mtu aliyemtupa mwanawe hawezi kuwa mwana wa Mungu. Nami nikaacha kusali, nikamsubiri. Waumini wakaendelea na sala, sisi wawili tukabaki nyuma yao. Akanitazama, kisha akaanza mwanzo kabisa, polepole, nami nikaenda naye neno kwa neno hata tukamaliza peke yetu, kanisa zima limenyamaza likitungoja.

Namshukuru Mungu kwa Bi Mize, kwa mwalimu Danieli, na kwa wingu lile! Na wewe uliyekaa nyuma leo, unayemeza neno lile la kwanza, usione haya, wala usidhani msimu wako umepita. Mtegemee Bwana, ulitamke. Sisi tutakungoja.